Sura ya Tatu: Mimba Changa Katika Nchi ya Malaria

Bangboka iko yapata kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji wa Kisangani, jimboni Tshopo, upande ulikojengwa uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo. Eneo hilo liko karibu sana na Ikweta, mvua hunyesha takriban kila mwezi wa mwaka, na kwa sababu hiyo mbu anayeeneza malaria hana msimu wa kupumzika. Hali hiyo ya nchi inaigusa moja kwa moja mada ya sura hii, kwa kuwa mwanamke wa Bangboka anayeamka akiwa mchovu, akiona kichefuchefu, kichwa kikimuuma na chakula kikimchukiza, ana maelezo mawili ya hali yake: la kwanza ni malaria, ambayo ameizoea tangu utotoni, na la pili ni mimba, ambayo bado haionekani. Mara nyingi maelezo ya kwanza ndiyo yanayoaminiwa, dawa hununuliwa kwenye duka la jirani, na wiki kadhaa hupita kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za hedhi.

Hoja inayoiunganisha sura hii yote ni kwamba mahali ambapo malaria ipo mwaka mzima, dalili za mwili pekee hazitoshi kuitambua mimba changa, na kwamba mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anapaswa kuulizwa, au kujiuliza mwenyewe, tarehe ya hedhi yake ya mwisho kabla ya kumeza dawa. Uzito wa jambo hilo unaonekana katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2013 na 2014, uliokadiria kuwa mwanamke wa nchi hiyo huzaa kwa wastani watoto 6.6, na kwamba akina mama 846 hufariki kwa sababu za uzazi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa wanawake 88 kati ya 100 waliokuwa wamezaa walipata angalau huduma moja ya wajawazito kutoka kwa mhudumu mwenye ujuzi, lakini waliofikisha mahudhurio manne walikuwa 48 tu. Anayeanza kuhudhuria mimba ikiwa na miezi mitano au sita hana muda wa kutosha wa kuyakamilisha mahudhurio hayo, na hawezi kuanza mapema ikiwa hajajua kuwa ana mimba.

Wiki za kwanza ndani ya mwili

Mimba hutungwa yai la mwanamke linapokutana na mbegu ya mwanamume ndani ya mrija wa uzazi, yaani njia nyembamba inayotoka kwenye ovari, ambako mayai hupevukia, hadi kwenye mfuko wa uzazi. Yai likishatoka huishi kwa muda wa siku moja hivi, ilhali mbegu za kiume zinaweza kudumu mwilini mwa mwanamke hadi siku tano, na ndiyo maana siku za kushika mimba katika mwezi ni sita hivi, zile tano zinazotangulia kutoka kwa yai pamoja na siku yenyewe. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu na siku ya 14 tangu hedhi ilipoanza. Wanawake wengi, hata hivyo, wana mizunguko mifupi au mirefu kuliko hiyo, na sehemu ya mzunguko isiyobadilika sana ni ile ya mwisho, kwa kuwa tangu yai litoke hadi hedhi inayofuata kwa kawaida hupita siku 12 hadi 14.

Yai lililorutubishwa hujigawa huku likisafiri kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, na hatimaye hujishikiza katika ukuta wake. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Allen Wilcox pamoja na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kuwa kujishikiza huko hutokea kati ya siku ya sita na ya kumi na mbili baada ya yai kutoka, na mara nyingi zaidi siku ya nane, ya tisa au ya kumi. Tangu hapo chembe zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kutoa homoni inayojulikana kwa kifupi kama hCG. Homoni ni kemikali inayopeleka ujumbe kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine kwa njia ya damu. Ujumbe wa hCG huifanya ovari iendelee kutengeneza projesteroni, homoni inayoulinda ukuta wa mfuko wa uzazi usibomoke, na kwa kuwa ukuta haubomoki, hedhi haiji. Kiwango cha hCG katika siku hizo za mwanzo huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili au tatu, hufikia kilele kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja, kisha hupungua.

Wahudumu wa afya huzihesabu wiki za mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu siku hiyo hukumbukwa kwa urahisi kuliko siku ya kutungwa kwa mimba. Kwa hesabu hiyo, mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anayechelewa kwa siku moja tu tayari anahesabiwa kuwa na mimba ya wiki nne. Mrija wa neva, yaani sehemu ya kiinitete itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia wiki ya sita ya hesabu hiyohiyo, na katika wiki zinazofuata moyo, viungo na uso hukamilisha umbo lake la msingi. Kazi kubwa ya kuumbwa kwa mtoto, kwa hiyo, hufanyika katika kipindi ambacho wanawake wengi bado wanajiuliza kama hedhi imechelewa tu.

Hedhi iliyokosekana na mitego yake

Kukosa siku ndiyo dalili ya kwanza inayotegemewa na wengi, na kwa mwanamke ambaye hedhi yake huja kwa mpangilio, kuchelewa kwa wiki moja ni sababu ya kutosha ya kupima. Dalili hiyo, hata hivyo, ina mitego miwili, mmoja wa kuifanya mimba ionekane mahali isipokuwepo, na mwingine wa kuificha mahali ilipo.

Hedhi inaweza kukosekana pasipo mimba kwa sababu ya njaa, maradhi ya muda mrefu, matatizo ya tezi ya shingo, kukaribia ukomo wa hedhi, au dhiki nzito ya moyo. Mapigano kati ya jamii za Wambole na Walengola yaliyozuka mwaka 2023 upande wa Lubunga yaliwasukuma watu wengi kukimbilia Kisangani, na mwanamke aliyehama nyumba yake kwa hofu na kulala njaa anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa bila kuwa mjamzito. Wasichana walioanza hedhi karibuni nao mara nyingi hukaa wiki nyingi bila kuiona, kwa kuwa miili yao haijazoea mpangilio. Kwa watu wa namna hiyo, kupima huondoa hofu isiyo na msingi, na jibu likiwa hapana, hutoa nafasi ya kuitafuta sababu halisi.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi katika nchi ambayo watoto wengi hunyonya kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kunyonyesha hukinga mimba kwa uhakika mkubwa pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama hajaona hedhi tangu ajifungue. Sharti moja likivunjika, kinga hupungua, na kwa kuwa yai la kwanza hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, mama anaweza kushika mimba nyingine bila kuwa ameona damu hata mara moja. Mama wa namna hiyo hana hedhi ya kukosa, na dalili atakazoziona, kama vile uchovu, kupungua kwa maziwa au mtoto kulikataa titi, huweza kupewa maelezo mengine kabisa. Vivyo hivyo, wanaotumia sindano au vipandikizi vya uzazi wa mpango wanaweza kukaa miezi bila hedhi, na anayechelewa kurudia sindano yake hawezi kuitegemea hedhi imwonye.

Damu kidogo nayo haithibitishi kwamba mimba haipo. Baadhi ya wanawake huona matone mepesi ya rangi ya waridi au kahawia karibu na siku ambazo hedhi ilitarajiwa, na huyahesabu kama hedhi ya mwezi huo. Hedhi iliyokuja ikiwa nyepesi kuliko kawaida, fupi kuliko kawaida, au kwa tarehe isiyo yake, inapaswa kutiliwa shaka, na kipimo kifanyike kana kwamba haikuja.

Dalili nyingine na kiasi cha kuziamini

Matiti kuuma, kujaa na kuguswa kwa shida ni miongoni mwa mabadiliko ya mapema, na baadaye chuchu na duara linalozizunguka huweza kuwa jeusi zaidi. Uchovu mzito unaomlaza mtu mchana huanza mapema pia, kwa sababu projesteroni huleta usingizi na kwa sababu mwili umeanza kuongeza damu na kazi ya moyo. Kwenda haja ndogo mara kwa mara hutokana na figo kuchuja damu nyingi zaidi, na kunapaswa kutofautishwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huambatana na maumivu au kuungua wakati wa kukojoa.

Kichefuchefu huwapata takriban wajawazito saba hadi nane kati ya kumi. Ingawa watu wamezoea kukihusisha na asubuhi, kinaweza kuja saa yoyote, kwa kawaida kikianza karibu na wiki ya sita, kikizidi karibu na wiki ya tisa, na kupungua kabla ya wiki ya ishirini. Harufu zilizokuwa za kawaida, kama za mafuta ya mawese yanayochemka, samaki wa kukaushwa au moshi wa makaa, zinaweza kumchukiza mtu ghafla, mate yanaweza kujaa kinywani, na hamu ya vitu visivyo chakula inaweza kujitokeza. Ulaji wa udongo mweupe unaouzwa sokoni ni desturi iliyoenea Afrika ya Kati na Mashariki. Anayeanza kuutamani anapaswa kupimwa mimba na pia wingi wa damu, kwa kuwa tamaa hiyo huambatana mara nyingi na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kuzuia madini ya chuma yasifyonzwe na mwili.

Mama mkwe, shangazi na bibi, ambao wamezaa na kuzalisha, huziona dalili hizi kabla ya mwenyewe kusema, na maarifa yao ni ya kweli kwa sababu yamejengwa na miaka mingi ya kuangalia. Upungufu wake ni kwamba hakuna dalili hata moja kati ya zilizotajwa ambayo ni ya mimba peke yake, na kwamba wapo wanawake wasioona yoyote kati yake hadi tumbo linapoanza kujitokeza. Vipigo vya mtoto, ambavyo ni dalili yenye nguvu zaidi, huhisiwa karibu na wiki ya 18 hadi ya 20 kwa mwenye mimba ya kwanza na mapema kidogo kwa aliyekwisha kuzaa. Kuvingojea ni kupoteza nusu ya safari. Dalili, kwa hiyo, zichukuliwe kuwa sababu ya kupima, na jibu liachiwe kipimo.

Malaria na mimba zinapofanana

Uchovu, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula ni dalili za malaria na pia ni dalili za mimba changa. Tofauti iliyo wazi ni homa, kwani mimba inaweza kulipandisha joto la mwili kidogo tu, lakini haileti homa kali, kutetemeka wala jasho la kulowesha shuka, na mjamzito mwenye homa ana ugonjwa unaohitaji kutibiwa siku hiyohiyo. Hali ya tatu, iliyo ya hatari zaidi, ni mimba na malaria kuwapo kwa pamoja. Mwanamke aliyezoea kupona malaria kwa urahisi hudhani kinga aliyoijenga tangu utotoni bado inamtosha, kumbe vimelea vya malaria vina uwezo wa kujikusanya ndani ya kondo la nyuma, mahali ambapo kinga hiyo haijawahi kukutana navyo, na wenye mimba ya kwanza ndio wanaoathirika zaidi. Matokeo yake ni upungufu mkubwa wa damu kwa mama, mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa akiwa na uzito mdogo.

Ndiyo maana mtu anayejihisi hivyo anahitaji vipimo viwili, kile cha haraka cha malaria kinachotumia tone la damu ya kidole, na kile cha mimba kinachotumia mkojo. Majibu hayo mawili huamua dawa. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artemetha-lumefantrini kwa malaria isiyo kali katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ambako hapo awali kwinini ilitangulizwa, na halitoi pendekezo kama hilo kwa kila dawa mseto inayouzwa. Sulfadoksini-pirimethamini, ambayo wengi huijua kwa jina la Fansidar, hutolewa kwa wajawazito kama kinga kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapopita, lakini haitolewi kabla ya hapo, kwa sababu hupingana na asidi ya foliki, vitamini inayohitajika ili mrija wa neva ujifunge vizuri. Ni jambo zito, basi, kwamba dawa inayomlinda mama na mtoto katika mwezi wa tano ndiyo isiyofaa katika mwezi wa pili, na kwamba anayeuza dawa bila kuuliza habari za hedhi hawezi kujua ni upande upi wa mpaka huo aliosimama mteja wake.

Tahadhari hiyo inahusu dawa nyingine pia. Doksisiklini huathiri mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na albendazoli, inayotibu minyoo, haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Katika kampeni za kupambana na usubi, yaani upofu wa mtoni unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi kama yale ya mito ya Tshopo, wajawazito huachwa nje ya ugawaji wa ivermektini. Mgawaji wa dawa huuliza kama mwanamke ana mimba, na jibu la kweli hutegemea mwanamke kujua. Pamoja na hayo, anayetumia dawa za kudumu, kama za kifafa, kisukari au virusi vya ukimwi, hapaswi kuziacha mwenyewe anapogundua kuwa ana mimba. Anapaswa kwenda kwa mhudumu mara moja, kwa sababu ugonjwa ulioachwa bila tiba unaweza kumdhuru yeye na mtoto kuliko dawa yenyewe.

Kipimo cha mkojo kilikotoka

Wazo kwamba mkojo hubeba habari za mimba ni la kale. Maandishi ya tiba ya Misri ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita yanaeleza namna mwanamke alivyomwagia mkojo wake nafaka za ngano na shayiri, na kuota kwake kukahesabiwa kuwa alama ya mimba. Msingi wa kisayansi uliwekwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walipowadunga panya mkojo wa wanawake na kuona kwamba mkojo wa wajawazito huziamsha ovari za wanyama hao. Lancelot Hogben, Mwingereza aliyefundisha Cape Town, alifanya utafiti juu ya chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha, na katika miaka ya 1930 chura huyo akawa kipimo cha mimba kilichotumika katika nchi nyingi, kwa kuwa jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya saa chache bila kulazimika kuuawa.

Vipimo vinavyotumia kingamwili, yaani protini za mwili zinazoweza kukitambua na kukishika kitu kimoja tu mahususi, viliwaondoa wanyama katika kazi hiyo kuanzia miaka ya 1960. Mwaka 1967 Margaret Crane, mbunifu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Organon huko New Jersey, alibuni kisanduku cha kumwezesha mwanamke kujipima nyumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 vikaja vipande vyembamba vinavyoonyesha jibu kwa mistari, kama vile vinavyouzwa leo katika maduka ya dawa ya Kisangani. Jibu lililokuwa mali ya maabara na ya daktari liliingia hivyo mikononi mwa mwanamke mwenyewe.

Wakati wa kupima na namna ya kupima

Vipande vingi vya kupimia hugundua hCG ikifika mIU 25 kwa mililita ya mkojo, mIU ikiwa kizio kidogo cha kimataifa cha kupimia homoni. Kiwango hicho hufikiwa na wanawake wengi karibu na siku ambayo hedhi ilitarajiwa, lakini si na wote. Uchunguzi mwingine wa Wilcox na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa takriban mimba moja kati ya kumi ilikuwa bado haijajishikiza siku hiyo, na mimba ambayo haijajishikiza haiwezi kugunduliwa na kipimo chochote cha mkojo hata kikiwa bora namna gani. Kanuni inayofaa, kwa hiyo, ni kupima tangu siku ya kwanza ya kuchelewa ikiwa kuna haja ya dawa au kuna wasiwasi, na jibu likiwa hapana, kurudia baada ya wiki moja iwapo hedhi bado haijaja. Kwa wasio na hedhi ya kuhesabia, wakiwemo wanaonyonyesha, wanaotumia sindano na wenye mizunguko isiyotabirika, muda wa kuhesabu ni siku 21 tangu tendo la ndoa la mwisho lisilo na kinga.

Kipimo hukosea zaidi kwa sababu ya matumizi kuliko kwa sababu ya utengenezaji. Kabla ya kununua, tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe na pakiti ikaguliwe isiwe imetoboka, kwa sababu joto na unyevu wa nchi ya misitu huviharibu vipande vilivyokaa wazi au vilivyoanikwa juani kibandani, na pakiti ifunguliwe wakati wa kupima tu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa zaidi katika siku za mwanzo, kwa kuwa umekaa kibofuni usiku kucha na homoni iliyomo haijazimuliwa na maji. Mkojo huo ukingwe katika chombo safi na kikavu kisicho na sabuni, kipande kizamishwe bila kuuvuka mstari wa kikomo kwa sekunde zilizoandikwa kwenye maelezo yake, kisha kilazwe mahali tambarare. Jibu husomwa ndani ya muda uliotajwa, kwa kawaida kati ya dakika tatu na tano, na kipande kilichopitisha dakika kumi hakisomwi tena, kwani mkojo unapokauka unaweza kuacha alama ya uongo.

Kila kipande kina mstari wa uthibitisho, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, na mahali pa mstari wa jibu. Mistari yote miwili ikionekana ndani ya muda wake, mwanamke ana mimba, hata kama mstari wa jibu umefifia, kwa sababu wepesi wa rangi huonyesha uchache wa homoni. Mstari wa uthibitisho ukionekana peke yake, homoni haijagunduliwa, na usipoonekana kabisa, kipimo kimeharibika na kinapaswa kurudiwa kwa kipande kingine. Kituo cha afya kinaweza kulithibitisha jibu, na pale penye maabara au mashine ya ekografia, damu na picha vinaweza kuonyesha umri wa mimba na mahali ilipo.

Hali zisizongoja

Mimba moja au mbili kati ya mia hujishikiza nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija, ambao hauna nafasi ya kutanuka na unaweza kupasuka. Kipimo cha mkojo kitaonyesha ndiyo, kwa kuwa homoni ipo, na dalili za kawaida za mimba zinaweza kuwapo zote. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja, damu ukeni, maumivu juu ya bega, jasho la baridi na kuzimia ni dalili za kumpeleka mwanamke hospitalini bila kuahirisha, hata ikiwa ni usiku na pikipiki ndiyo usafiri pekee kutoka Bangboka hadi mjini. Nyumba zilizo mbali na hospitali zinafaa kuwa na mpango wa safari hiyo kabla haijahitajika, pamoja na akiba ya nauli na namba ya dereva anayeaminika. Kutapika kunakozuia hata maji kukaa tumboni, kutokwa na damu nyingi, na homa nazo ni sababu za kwenda kituoni siku hiyohiyo.

Aliyelazimishwa tendo la ndoa hapaswi kungoja hedhi wala kipimo. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.

Baada ya jibu

Jibu la ndiyo hupokelewa kwa furaha, kwa hofu, au kwa yote mawili kwa pamoja, na ni haki ya mwanamke kulipata faraghani na kuamua mwenyewe wa kumwambia kwanza. Mume mwema, dada mkubwa au mama mzazi anaweza kuupunguza uzito huo kwa kusikiliza kabla ya kushauri, na msichana ambaye bado yuko shuleni anahitaji zaidi ya wote mtu mzima asiyemfokea, kwa sababu hofu ya kufokewa ndiyo inayowafanya wengi wafiche hadi mwezi wa sita.

Hatua inayofuata ni huduma ya wajawazito, ambayo Wakongo huiita CPN kwa herufi za jina lake la Kifaransa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza kukutana na mhudumu mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kwisha. Katika hudhurio hilo la mwanzo mama hupimwa wingi wa damu, kaswende, virusi vya ukimwi na shinikizo la damu, huanzishiwa madini ya chuma na asidi ya foliki, hupangiwa chanjo ya pepopunda, na hushauriwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Tarehe ya kujifungua hukadiriwa kwa kuongeza siku saba kwenye siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kurudi nyuma miezi mitatu, hivi kwamba aliyeona hedhi tarehe 10 Machi hutarajiwa kujifungua karibu na tarehe 17 Desemba. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha lini kinga ya malaria ianze, na ni sahihi zaidi kwa mwanamke aliyezoea kuziandika tarehe zake kwenye kalenda au kwenye simu.

Mabadiliko yanayohitajika ili mimba zitambuliwe mapema hayangojei hospitali mpya. Muuza dawa anaweza kuuliza tarehe ya hedhi kabla ya kutoa dawa ya malaria kwa mwanamke; wahudumu wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaojulikana kwa jina la reko, wanaweza kumkumbusha mama anayenyonyesha kwamba anaweza kushika mimba kabla ya kuona damu; na mama mkwe anayezitambua dalili kwa jicho lake anaweza kumsindikiza mkwewe kupima wiki hiyohiyo. Mimba iliyotambuliwa katika mwezi wa pili humwachia mhudumu takriban miezi saba ya kutibu upungufu wa damu, kuigundua kaswende kabla haijamfikia mtoto, na kutoa dozi zote za kinga ya malaria. Iliyotambuliwa katika mwezi wa sita humwachia mitatu tu.